Naomba ushauri: gharama za upasuaji wa mbwa anayeniongoza

Mtafsiri wa Sinza

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwanamke mwenye ulemavu wa macho, ninaishi Sinza na ninafasiri nyaraka katika ofisi moja iliyopo Posta. Ninaongozwa na mbwa jike aina ya Labrador mwenye umri wa miaka sita, niliyepewa na shule ya mbwa waongozaji nchini Marekani nilipokuwa masomoni. Shule ilinikabidhi umiliki wake kamili, kwa hiyo matibabu yake ni juu yangu.

Hivi karibuni alianza kuchechemea mguu wa nyuma, na daktari wa mifugo, baada ya kumlaza usingizi na kumpiga eksirei, amesema kano ya ndani ya goti imekatika kabisa. Anapendekeza upasuaji wa kuukata mfupa wa muundi, kuugeuza kidogo na kuufunga kwa bamba la chuma na skrubu. Makadirio ni shilingi milioni tano na nusu, na akiba yangu haifiki nusu yake. Bima ya ofisini inanihusu mimi na wanangu tu.

Ndugu zangu wanasema nirudie fimbo nyeupe. Fimbo ninaijua na ndiyo ninayoitumia sasa, lakini haigusi kioo cha pembeni cha lori lililoegeshwa wala tawi lililoinama usawa wa uso, vitu ambavyo mbwa huyu hunizungusha kabla sijavifikia. Naomba ushauri: fedha nizipateje bila kuingia katika mikopo ya kausha damu, na je, ni busara kuzitumia kwa mbwa wa umri huo?

Mama wa Kikoba, Tabata

Pole sana, dada. Usiitishe mchango kwa kusema mbwa anaumwa, kwa sababu Dar es Salaam hii watu wamechoka na kadi za harusi na misiba, na wengine watacheka kabla hawajamaliza kusoma. Waeleze kwamba unahitaji kufika kazini, ambatanisha makadirio ya daktari yenye mhuri, na mteue mtu mwingine awe mweka hazina ili kila shilingi ionekane. Kama uko kwenye kikoba, kopa kwa kadiri ya hisa zako kwanza, kwani riba yake huzunguka na kurudi kwenu wenyewe.

Mkongwe wa Temeke

Kwa heshima, mimi sitachangia. Wapo watoto wanaosubiri upasuaji hospitalini kwa kukosa fedha pungufu ya hizo, na zaidi ya hayo wengi wetu hatumgusi mbwa.

Ustadhi wa Magomeni

Mzee wangu, kuchangia ni hiari, na hakuna atakayekulaumu. Hata hivyo hilo la dini tuliweke sawa: mbwa wa kuwinda ametajwa kwa ruhusa katika Suratul Maida, aya ya 4, na mbwa wa kulinda mifugo na mashamba naye ameruhusiwa katika hadithi. Anayemwongoza asiyeona ana kazi nzito zaidi ya hizo. Suala la najisi lina utaratibu wake wa kujitwaharisha, nalo halimzuii mtu kumsaidia jirani yake.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Dada, usilipe kwanza. Mbwa mdogo mwenye kano iliyokatika anaweza kupata nafuu kwa kupumzishwa, lakini Labrador ni mzito na goti lake litaendelea kulika, kwa hiyo naafiki kwamba upasuaji unahitajika. Ipo pia njia ya kufunga goti kwa uzi mnene unaopita nje ya kiungo, ambayo ni nafuu kwa sababu mfupa haukatwi, ila kwa mbwa mzito anayefanya kazi mimi naiamini zaidi ile ya bamba. Muulize daktari wako ameifanya mara ngapi kwa mikono yake mwenyewe, na kama amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Akikasirika kwa kuulizwa, umeshapata jibu.

Kabla ya nusukaputi, damu ipimwe magonjwa ya kupe. Huku kwetu ni ya kawaida sana, na mojawapo hupunguza chembe za kugandisha damu, hivyo mbwa anayeonekana mzima anaweza kuvuja damu mezani. Kipimo hicho ni gharama ndogo ukilinganisha na hasara yake.

Makadirio yako yaoneshe pia eksirei za baadaye na dawa, kwa kuwa mfupa huchukua wiki 8 hadi 12 kuunga, na muda wote huo hatakuongoza. Usimpe paracetamol wala ibuprofen za nyumbani, zinaweza kumuua. Kuhusu umri, mbwa waongozaji wengi hustaafu wakiwa na miaka 8 hadi 10, na mbwa aliyekatika goti moja mara nyingi hukatika la pili. Unanunua miaka michache ya kazi isiyo na uhakika. Mimi ningeinunua, lakini kwa fedha zangu, si kwa deni. Pata maoni ya pili katika hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine hapa Morogoro.

Kijana wa Ubungo

Je, ile asilimia mbili ya watu wenye ulemavu katika mikopo ya halmashauri? Haina riba.

Mama wa Kikoba, Tabata

Mwanangu, ile ni ya kuanzisha au kukuza biashara. Akiandika mradi wa kuku kisha akalipia goti la mbwa, marejesho yatamtoa jasho.

Msomi aliyerejea

Umiliki kukabidhiwa kwako hakumaanishi kwamba shule imekusahau. Baadhi ya shule hizo za Marekani husaidia wahitimu wake gharama kubwa za tiba ya mbwa. Waandikie leo, uwatumie eksirei na makadirio.

Mtafsiri wa Sinza

Nawashukuru nyote, na mzee wa Temeke nimekuelewa. Shule nitaiandikia usiku huu, na kipimo cha damu kitafanyika kabla ya jambo lolote lingine. Nitaomba pia mwajiri anitangulizie mshahara wa miezi miwili. Daktari, je, huko Sokoine ni lazima nimlete mwenyewe, au picha za eksirei zinatosha kwa maoni ya kwanza? Safari ya gari la kukodi inaingia katika hesabu hiyo hiyo.

Daktari wa mifugo, Morogoro

Picha zinatosha kuanzia, mradi ziwe mbili, moja ya ubavuni na moja ya mbele, na uzito wake wa sasa uandikwe.