Mkuu mpya wa TEHAMA ajitambulishe vipi kwa wafanyakazi wa hospitali?

Muuliza swali:
Ndugu zangu, nimeteuliwa kuongoza kitengo cha TEHAMA katika hospitali ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania, na Jumatatu nitajitambulisha kwa madaktari, wauguzi na watu wa mapokezi. Nianze na lipi ili waniamini?

Muuguzi, wodi ya wazazi:
Karibu sana, ndugu. Usituanzie na vyeti vyako. Tuambie GoTHOMIS, mfumo wetu wa kompyuta wa taarifa za wagonjwa, ukikwama saa nane usiku, mama yuko kwenye uchungu na majibu ya maabara hayaonekani, tumpigie nani, na fomu za karatasi za dharura zinakaa wapi. Hilo ndilo linalotunyima usingizi.

Mtunza kumbukumbu:
Namuunga mkono dada muuguzi. Gusia pia nywila, kwani kuna zamu ambazo watu wote huingia kwa jina la mtu mmoja, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Liseme kwa upole, bila kutafuta mchawi.

Muuliza swali:
Ahsanteni sana. Nitapita wodini usiku wa Jumapili, niwasikilize walio zamu kabla sijasimama kuzungumza.