Mzee anayenilea maabara anasema "rudia tu". Nifanyeje?

Mchanga_Arua: Wakuu, ni mwaka wangu wa kwanza kazini, maabara ya hospitali huku West Nile, Uganda. Jumanne kontroli ya juu ya glukosi (ile sampuli ya kujaribia mashine, ambayo kipimo chake tunakijua) ilikataa. Mzee akasema, "Rudia tu." Namheshimu, ila roho inasita. Nimwambieje bila kumkosea adabu?

DadaPipeti: Adabu baadaye. Wastani, SD (kiasi ambacho vipimo hutawanyika kando ya wastani), ulichopata? Na kontroli ya chini?

Mchanga_Arua: Wastani 16.0 mmol/L, SD 0.5. Nikapata 17.8. Nikarudia mara tatu, palepale. Ya chini iko sawa.

DadaPipeti: SD 3.6 hiyo juu ya wastani, imevuka kanuni ya 1-3s (kontroli moja ikipita SD 3, ikatae), majibu ya wagonjwa hayatoki. Zingepanda zote mbili ningeshuku kalibresheni (mashine ilivyosetiwa) au kitendanishi (kemikali ya kipimo). Imepanda moja, shuku kichupa cha kontroli hiyo. Labda Mzee alimaanisha rudia na kichupa kipya. Ulimuuliza?

Mhubiri_Bombo: Vijana! Leseni ya maabara hutolewa na baraza letu, Allied Health Professionals Council, si Mzee. Na kucha mnafuga.

Koboko_Boy: Kucha zimefikaje hapa 😂 Mchanga, majibu ya wagonjwa yalitoka?

Mchanga_Arua: Yalitoka, ya wagonjwa 14. Na daftarini niliandika 16.2. Lakini foleni ilifika nje, na Mzee ndiye ataniandikia barua nikiomba ajira ya kudumu.

Koboko_Boy: Kumbe adabu ilikuwa kisingizio.

Mkemia_Mkali: Uzi wa kutunga huu. Kontroli ya unga aghalabu huyeyushwa kwa mililita 5 za maji. Tia 4.5: 16.0 × 5 ÷ 4.5 = 17.8. Mtu amekaa na kikokotoo.

Mchanga_Arua: Sijatunga! Pipeti ya mililita 5 imevunjika, natumia ya mikrolita 500, mara kumi.

Mkemia_Mkali: Ukavuta mara tisa.

Mchanga_Arua: ...Kuna mtu aligonga dirisha nikihesabu.

DadaPipeti: Basi mashine huenda ni nzima, ila "huenda" haiandikwi daftarini. Azima pipeti ya kioo ya mililita 5, yeyusha kichupa kipya, kizungushe polepole bila povu, kisubiri muda ulioandikwa kwenye karatasi yake, aghalabu dakika 30. Kikikubali, pima upya sampuli za wagonjwa za kifuniko cha kijivu (chupa zenye dawa ya kupunguza kasi ya seli kula glukosi) ambazo plazima ilitenganishwa siku ileile ikakaa friji. Damu iliyolala na seli zake usiiguse: seli hula glukosi asilimia 5 hadi 7 kwa saa katika joto la chumba, utapata majibu ya chini udhani ndiyo ukweli. Wenye sampuli mbovu, daktari wao ajulishwe, watolewe damu upya. Daftarini piga mstari mmoja juu ya 16.2, ibaki inasomeka. Kando andika 17.8 zote, sababu, tarehe, sahihi. Tipeksi marufuku.

Mchanga_Arua: Nirekebishe kwanza, Mzee nimwambie ikishakubali?

Koboko_Boy: Umerudi kulekule.

DadaPipeti: Kabla. Na uibebe hiyo pipeti ya 500.