Vishikwambi vimwagwe madarasani ili watoto wa fomu wani wajue Kiingereza? Njooni tubishane

Wakuu salama? Tubishane kwa hoja, matusi wekeni pembeni. Kuna watu wanasema shida ya Kiingereza shule za kata ni vifaa tu, serikali ikimwaga vishikwambi madarasani watoto watanyooka. Mimi nafundisha baiolojia fomu wani, na nasema vifaa vinasaidia kweli ila vimeangukia mikono siyo.

Mtoto kasoma la kwanza mpaka la saba kila kitu Kiswahili, Kiingereza anakutana nacho kama somo tu, halafu anaingia fomu wani anakuta kuanzia jiografia mpaka fizikia ni Kiingereza kitupu, tunampa wiki chache za orientesheni kozi, yaani kozi ya kumzoesha Kiingereza, tunasema yuko tayari. Tayari wapi! Na sisi walimu tuseme ukweli, wengi tunafundisha kwa Kiswahili alafu notsi ubaoni tunaandika Kiingereza ili mkaguzi akija akute mambo safi.

Vile vishikwambi vya Sensa ya 2022 walimu tuligawiwa, jambo zuri silipingi. Ila pita ofisini uone kazi yake: kujaza taarifa, WhatsApp, na mpira jioni. Mwanafunzi anakiona kwa mbali, na simu kwake shuleni ni marufuku.

Pendekezo langu halitaki hata bando. Spika moja ya kuchaji, memori kadi, na mada ya wiki imerekodiwa na walimu wa hapa hapa kwa Kiingereza cha taratibu, kila kipande kinafuatiwa na maelezo ya Kiswahili, darasa zima linarudia kwa sauti hivyo yule mwoga naye anajaribu bila kuchekwa. Zile video za Wamarekani wanaongea kama wanakimbizwa, watoto wanaishia kuangalia picha.

Mchangiaji: Mkuu unazunguka mbuyu. Fundisheni kwa Kiswahili mpaka fomu foo tumalize kazi. Spika za nini?

Mzazi wa wanne: Simu mwanafunzi asipewe kabisa, wangu likizo nzima ni TikTok. Spika sawa, lakini shuleni kwao umeme ukikatika ni siku mbili.

Mleta mada: Mzazi, mbona simu sijasema wapewe, spika nimeitaja kwa sababu hiyo hiyo, na ikichajiwa leo inavuka na kesho. Mchangiaji, Kiswahili na mimi nakitaka sana tu, Sera ya Elimu ya 2014 iliandika kabisa kitumike ngazi zote, haya, mitihani ya Baraza la Mitihani (NECTA) ya fomu foo leo iko lugha gani? Huyu aliyeko darasani kwangu sasa hivi nimwambie asubiri? Sawa, mtaala mpya umeleta Kiingereza tangu darasa la kwanza, ila hao walioanza la kwanza 2024 bado wako msingi. Na kumbukeni 2027 darasa la sita la mtaala mpya (walioingia nao wakiwa la tatu, na msingi wao unaishia la sita) na la saba la zamani wanamaliza pamoja, kwahiyo 2028 fomu wani tunapokea makundi mawili kwa mpigo. Hapo mwalimu atamsikiliza nani mmoja mmoja akitamka?

Mchangiaji: Hilo la 2028 sikuwa nimeliwaza. Lakini bado, kurekodi ni kazi, mwalimu analipwa na nani?

Mleta mada: Hapo ndo pagumu. Mimi za seli na uainishaji nishaanza kurekodi kwa simu yangu, wa kemia na fizikia nani yuko tayari?