Mwalimu alifunika geji zote kwa ramani: niendelee na simuleta ama niache?

Ja_Nyalenda

Hamjambo wadau. Niko nyumbani Kisumu siku kumi za mapumziko halafu narudi kazini. Mimi ni kadeti wa urubani jeshini, nimeanza kurushwa juzijuzi, sijafikisha safari ya sita. Kambi sitaji, ndege pia sitaji, mtanisamehe.

Kabla sijaanza kuruka, karibu mwaka mzima nilikuwa nashinda jioni kwenye saiba ya binamu yangu pale Kondele. X-Plane, ile gemu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, na jostiki ya mitumba, basi. Geji zote nazijua. Nilienda nikijiona rubani tayari, kilichobaki ni kuvalishwa mabawa.

Safari ya tatu mwalimu akaniambia shika ndege, kaa futi elfu nane, elekea kile kilima. Nikashika. Haikupita dakika, akatoa ramani yake, akaikunja mara mbili, akafunika geji zote mbele yangu. Hakusema neno. Ndege ikapanda bila mimi kujua inapanda. Alipoinua kona ya ramani nikaona tumezidi futi mia tatu. Nikaisukuma chini, nikapitiliza. Nikaivuta, nikapitiliza tena. Nilikuwa nikiyumba kama bodaboda kwenye matope ya masika. Tulipotua akasema tu, "Wewe umejifunza kutazama televisheni."

Sasa swali. Huko kambini kuna simuleta, mashine ya kuigiza kuruka, kila mtu ana saa moja ya zamu, na ukitaka unaweza kuomba muda wa ziada usiku. Niombe ama nikae mbali nayo? Na hii ya Kondele niiache kabisa? Wanaojua tafadhali, si wa kubahatisha.

Mtoto_wa_Kibuye

Omera, futa hiyo gemu leo. Jirani yetu alijifunza kuendesha gari kwa simu. Siku ya kwanza barabarani akaingiza Probox ya watu mtaroni.

MzeeWaBahati

Kijana wangu, usifute kitu. Na huyo wa Probox mwache na mtaro wake.

Mimi nimestaafu, nafuga ng'ombe watatu hapa Bahati, nje kidogo ya Nakuru. Nilianza kuruka mwaka wa 1985 kwenye Bulldog, ile ya viti viwili bega kwa bega, wakati jeshi letu la anga likiitwa '82 Air Force. Baadaye nikawa mkufunzi. Hiyo ramani nimewafunikia vijana wengi, na mimi mwenyewe nilifunikiwa. Usiione kama adhabu.

Alitaka uone pua ya ndege. Ukiwa umekaa sawa, upeo wa macho unakata kioo mahali fulani juu ya kifuniko cha injini. Pale pale. Weka vidole vyako vya mkono hapo siku ya kwanza, uhesabu ni vidole vingapi, ukumbuke. Nafasi hiyo ikipungua, unapanda. Ikiongezeka, unashuka, na utaliona hilo kabla altimita, geji ya kimo, haijasogea. Geji unaichungulia kama mtu anavyochungulia saa akiwa kwenye mazungumzo, halafu unarudisha macho nje. Nje ndiko waliko wenzako, na hakuna hata mmoja mwenye breki.

Skrini ya binamu yako ina upana wa dirisha la choo. Nje hakuna la kutazama, basi macho yanahamia kwenye geji na kujenga nyumba huko. Kuyahamisha tena ni kazi.

Lakini mashine haina kosa, ilizaliwa kwa kazi nyingine. Edwin Link, aliyeunda simuleta za mwanzo, alikuwa kijana wa kiwanda cha vinanda cha baba yake huko Binghamton, New York. Alichukua mivukuto ya kinanda, ile inayosukuma hewa, akaiweka chini ya kijindege ili kiiname huku na huku. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa zaidi viwanja vya burudani, watu wanalipa kubembea. Halafu mwaka wa 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, katikati ya majira ya baridi, na marubani wake hawakuzoea kuruka ndani ya mawingu. Wakafa kadhaa kwa wiki chache. Mwaka huohuo jeshi likanunua mashine 6 za Link. Unaona ilinunuliwa kwa nini? Kumfundisha mtu asiyeona nje. Wewe umeitumia kujifundisha safari ambayo karibu yote iko nje.

Kwa hiyo muda wa usiku omba, ila usiingie kuzurura. Ingia na jambo moja kutoka safari ya jana au somo la kesho. Ukaguzi kabla ya kuwasha, kuwasha, maneno ya redio, mzunguko wa kutua, injini kuzima. Sema kila kitu kwa sauti, mkono uguse swichi wakati mdomo unaitaja. Na kitufe cha kusimamisha mchezo usikiguse. Ukikosea, endelea nacho mpaka chini, kwa sababu huko juu hakuna wa kukusimamishia. Nusu saa ya namna hiyo inatosha. Toka, andika mistari mitatu kuhusu ulichokosea, kalale.

Kutua kwenyewe, yaani zile sekunde za mwisho unapoinua pua, usijifunzie kwenye skrini. Utajifundisha uongo na mwalimu atalipa.

Hapo nyumbani huhitaji hata kompyuta. Tafuta kiti cha plastiki, keti uani, shika mwiko wa ugali katikati ya magoti, bandika mbele yako picha ya dashibodi uliyoichora mwenyewe. Uichore kwa mkono, usipige chapa. Mkono ukichora unakumbuka swichi ilipo. Na mwiko ushike kwa mkono ule ule unaoshikia usukani kwenye ndege yako. Jostiki ya saiba ni ya mkono wa kulia. Kwenye Bulldog mwanafunzi anaketi kushoto, throtoli, ile ya kuongeza na kupunguza nguvu ya injini, iko katikati, kwa hivyo usukani ulikuwa mkono wa kushoto. Niliona kijana akiulizwa apunguze nguvu, akasukuma mkono usio wake. Tulikuwa juu, kwa bahati.

Kama lazima urudi Kondele, bandika kipande cha katoni kwenye skrini pale penye geji. Ramani ya bure hiyo. Na uanzie HKKI, uwanja wenu wenyewe, si Marekani. Kisumu iko karibu futi 3,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukiwa kwenye mzunguko futi 1,000 juu ya ardhi, altimita inasoma kama 4,700. Mtu aliyezoea uwanja wa pwani ya skrini anaona 1,000 kichwani na anachanganyikiwa. Huko unakorudi sitauliza ni wapi, lakini kama ni juu zaidi, hewa ni nyepesi zaidi na ndege itakimbia mbio ndefu kabla ya kuondoka. Hesabu hizo zifanye sasa.

Binti_wa_Kakamega

Mzee amesema yote isipokuwa miguu. Mimi nilisomea uwanja wa Wilson, Nairobi, si jeshi, lakini ndege ni ndege. Bila kanyagio za usukani wa mkia, programu inakupangia mkia kimyakimya. Ukiingia kwenye ndege halisi ya propela moja, ukisukuma throtoli pua inakimbilia kushoto, na miguu yako imelala sakafuni. Hilo lilinitesa wiki mbili. Hata uani kwenye kiti, sukuma mguu wa kulia kila unapoongeza nguvu. Utaonekana mwendawazimu, lakini fanya.

Kingine, kuna wanaougua kwenye simuleta. Macho yanasema tunapinda, sikio la ndani linasema tumekaa. Mimi nilitapika kwenye mfuko wa mkate. Kwa wengine kizunguzungu hakiishi haraka, kwa hiyo usikae humo usiku kama una safari alfajiri.

FundiWaKondele

Na zile miwani za uhalisia pepe? Naona Wamarekani wameanza kufundishia.

MzeeWaBahati

Kweli, jeshi lao la anga lilianza mpango wa majaribio wa hizo huko Austin mwaka wa 2018. Zina faida: unageuza shingo, unatafuta uwanja nyuma ya bega. Dirisha la choo limepanuka. Lakini matako bado yako kwenye kiti ambacho hakiendi popote.

Binti, asante kwa miguu. Umri.

Ja_Nyalenda

Mzee, Binti, asanteni sana. Nimerudi na ripoti.

Katoni nimebandika. Siku ya kwanza niliingia ziwani mara mbili. Jana nilikaa dakika nane bila kupotea sana. Pia niligundua upepo wa ile programu ulikuwa umewekwa sifuri mwaka mzima! Leo saa tisa nilienda Dunga, upepo wa ziwa ukanipiga shavuni, mashua za matanga zimeinama zote upande mmoja. Nikasimama pale nikijiuliza ningetua upande gani wa njia.

Mama alinikuta uani na mwiko, natamka "mafuta, yapo, pampu, washa," mguu wa kulia unasukuma hewa. Akaita shangazi aje aone. Sasa mwiko umefichwa, natumia mpini wa jembe la mtoto.

Mzee, hii ndiyo injini kuzima nilivyoifanya leo asubuhi, nikosoe. Pua chini, mwendo wa kuelea, trimu (ndege ishike mwendo huo yenyewe). Mayday mara tatu, jina la ndege, mahali nilipo. Kuchagua shamba la kutua. Mafuta, pampu, sumaku za cheche za injini. Kukaza mikanda, kuzima kila kitu.

MzeeWaBahati

Uliyekuwa unamwita hangekuinua. Wakati unaongea, lile shamba zuri la miwa limepita chini ya bawa lako, kimebaki kijiji na nyaya za umeme. Shamba baada ya trimu, halafu chanzo cha injini kuzima, yaani mafuta, pampu, sumaku, redio mwisho kama muda upo.

Na miwa yenyewe ni mirefu, tafuta iliyokatwa. Rudia mara kumi, uniandikie kesho.