Mbwa jike kapandwa: utrasaundi, mkono wa bwana mifugo, au nisubiri tumbo?

Ngaramtoni_Juu: Habari wakuu. Jike wangu dume la jirani liliruka ukuta likampanda, halafu siku ya pili yake tena. Leo ni siku ya 24, chuchu zimevimba kidogo na zimekuwa za pinki, asubuhi katapika na ugali wa dagaa kaukataa kabisa. Naona njia tatu, bwana mifugo aje ampapase hapahapa, nimpeleke Arusha mjini kwenye utrasaundi, au nikae nione tumbo. Mke wangu anasema hela ya utrasaundi tununue chakula cha mbwa. Nyie mnafanyaje?

Mama Bosko: Usiende leo! Mimi nilikimbilia mapema hivyohivyo dokta akasema haoni kitu, nikarudi siku ya 30 mioyo inadunda kwenye skrini, hela nimelipa mara mbili.

Kijana wa Rau: Huku Moshi wengi tunapapasiwa tu. Ila mkono una siku zake, kama 28 mpaka 35 hivi, vifuko vya mimba vinashikika kama vigololi, ukichelewa maji yanaongezeka vinapotea na hushiki kitu tena. Halafu mbwa akiwa mnene au anakaza tumbo ni kubahatisha. Usimminye mwenyewe lakini, hapo unaweza kuua watoto.

dada_K: Msinicheke, mimi nilinunua kile kipimo cha kukojolea cha duka la dawa, nikamfukuza mbwa na kikombe uani nusu saa

Mama Bosko: 😂😂 dada kile kinatafuta homoni ya binadamu, mbwa hana hiyo

Mzee wa Sakina: Kusubiri tumbo mimi sikubali. Jike wangu alijaa maziwa, akachimba shimo, akawa analala na kandambili ya mjukuu anailamba kama mtoto wake, na wala hakuwa na kitu, mimba ya uongo. Kwa hiyo chuchu zisikudanganye. Utrasaundi ndiyo inakwambia kama wapo na wako hai, ila kwa idadi usiiamini sana. Ukitaka idadi piga eksirei siku ya 55 kwenda juu mifupa ikishakomaa, inasaidia kujua kama kuna aliyebaki ndani. Na mwambie shemeji chakula hakiongezwi sasa hivi, anza wiki ya sita kidogokidogo. Kalisiamu ya dukani usimpe kabla hajazaa, mwili unazoea kuletewa, akianza kunyonyesha unashindwa kuitoa wenyewe anatetemeka mpaka degedege. Dawa ya minyoo muulize dokta, sio kumchoma ile ya mbuzi.

Ngaramtoni_Juu: Asanteni, mzee shikamoo. Wangu mwembamba na mpole, nitaanza na mkono siku ya 30, bwana mifugo akisita ndo niende mjini.

Ngaramtoni_Juu: Mrejesho. Bwana mifugo alishika viwili akasema labda na cha tatu. Eksirei siku ya 57, vichwa sita! Leo siku ya 62, kila asubuhi nampima joto alikuwa 38.3, leo 36.9 na chakula hataki.

Mzee wa Sakina: Marahaba. Joto likishuka hivyo mara nyingi ni ndani ya masaa 24. Akisukuma kwa nguvu nusu saa hakuna mtoto, au ukaona uchafu wa kijani kabla hata mmoja hajatoka, mpigie dokta hapohapo hata kama ni saa nane usiku. Mtoto mmoja na mwingine wakipishana zaidi ya masaa mawili na unajua bado wapo, vilevile. Na baridi hii ya Juni wawekee magunia na mablanketi, vichanga havijui kujipasha joto.

Ngaramtoni_Juu: Sanduku la mbao nimelitengeneza stoo, magunia, blanketi, kila kitu. Yeye kahamia chini ya kitanda cha mama mkwe na hatoki.

Kijana wa Rau: Mwache hapohapo. Mhamishie mama mkwe stoo 😂