Mjadala: Pedi za kufua na vikombe vya hedhi, tunawasaidia wasichana au tunawaongezea kazi?

Mwanzisha mada

Wakuu, hili tulijadili bila kuoneana haya. Kila ikikaribia tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani, picha ni zile zile: mgeni rasmi, maboksi, wasichana kwenye mstari, kila mmoja na kifurushi chake. Zamani ndani ya kifurushi mlikuwa na pedi za kutupa. Siku hizi mara nyingi ni pedi za kufua, kwingine kikombe cha hedhi, kile kinachoingizwa ukeni kukinga damu. Tunaambiwa ni nafuu kwa muda mrefu na hazizalishi taka nyingi. Hayo sibishi. Kikombe cha silikoni kikitunzwa kinaweza kufika miaka 10, na pedi nzuri ya kitambaa hupita mwaka bila shida.

Ninachobisha ni jinsi tunavyomsema anayekataa. Akikataa tu, hajaelimishwa, ana kinyaa cha bure, kashikiliwa na imani potofu. Mimi naona mara nyingi kakataa baada ya kupiga hesabu zake vizuri kabisa. Pedi ya kufua inataka maji, tena mengi, maana unaloweka, unafua, unasuuza mpaka maji yatoke meupe. Inataka sabuni. Inataka kamba penye jua, na hapo ndipo penye kazi: kamba hiyo iwe wapi ambapo baba, kaka, wapangaji na wapita njia hawaioni? Akiikosa ataanika chini ya godoro, au ataifunika na nguo nyingine. Itakauka nusunusu, itatoa harufu, na kesho ataivaa na unyevu wake. Halafu sisi sisi tutakuja kusema hajui usafi.

Bidhaa hizi ni nzuri kwa aliyezichagua. Kumpa asiye na kingine, kisha tukaita elimu, kwangu hapana. Nipingeni.

Fundi Cherehani

Nakupinga, dada. Mimi nazishona. Wengi unaowasema wamekataa pedi mbovu, hawajakataa pedi ya kufua. Nimeletewa nyingine nirekebishe, juu polista, katikati kipande cha taulo kilichokunjwa mara nne na kushonwa pamoja. Kitu kama hicho kitakauka lini? Pedi ya maana huwa na pamba laini juu, inayogusa ngozi. Katikati vinakaa vitambaa vya kunyonya, chini kitambaa kisichopitisha maji, na mabawa yenye vifungo vya kubana chini ya chupi. Za kwangu sehemu ya kunyonya inachomoka. Unaianika peke yake, ni kitambaa tu cha mstatili, hata baba akipita hajui ni nini. Hilo la kuonekana kwenye kamba mkasi na cherehani vimeshalimaliza.

Tatizo ni mnunuzi wa kugawa. Anataka namba ya kuandika kwenye ripoti. Mwambie achague pedi elfu moja duni au mia tano nzuri, uone atachukua zipi.

Mama Mapacha

Fundi, ushonaji wako sawa, ila kufua nani anafua? Mimi usichana wangu wote nilitumia vitambaa. Nafua usiku wenzangu wamelala, maji mekundu namwaga gizani, alfajiri naenda kugusa kama vimekauka. Pedi za kutupa ziliponifikia nilipumua. Watu wanazisema hizi pedi kana kwamba zimeletwa kutuharibu, wakati zimezaliwa kwenye shida. Ile Kotex ya Marekani iliingia sokoni mwaka 1920, kwa malighafi iliyokuwa inatengenezewa bandeji za majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wanawake waliikimbilia kwa sababu walichoka kufua, hawakudanganywa na mtu. Leo binti zangu waambiwe maendeleo ni kurudi kwenye beseni?

Shamba la Taka

Mama, pole kwa uliyopitia. Lakini baada ya kutupa, zinakwenda wapi? Pedi nyingi za kutupa zina plastiki, juu, chini na kwenye gundi. Zikitumbukizwa kwenye choo cha shimo, shimo linajaa kabla ya wakati wake na haziozi. Kwenye choo cha kuvuta zinaziba bomba. Zikichomwa kwenye moto hafifu ni moshi mchafu tupu. Kuna mtu anazoa hizo taka kwa mikono, na mara nyingi naye ni mwanamke.

Mama Mapacha

Na nepi je? Na chupa za maji? Ila mzigo wa kuokoa dunia uanzie kwenye chupi ya binti wa miaka 13.

Nesi wa Zamu

Niingie kwenye kikombe, maana hofu yake ni kubwa kuliko ya kitambaa na nyingi ya hofu hizo zinajibika.

Kwanza, si kitu kipya. Mmarekani Leona Chalmers alikisajilia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1937. Hakikushika kasi, na Vita Kuu ya Pili ilipokuja mpira ukaadimika. Pili, wingi wa damu. Kwa kawaida hedhi nzima ni mililita 30 hadi 40, na kikombe kimoja hubeba kati ya 20 na 30. Ndiyo maana wengi hukiacha kwa muda wa hadi saa 12 bila kuvuja. Anayekijaza kila baada ya saa moja au mbili asilaumu kikombe, aje apimwe, huenda ana uvimbe kwenye kizazi au tatizo lingine.

Mwaka 2019 jarida la The Lancet Public Health lilichapisha uchambuzi wa tafiti 43 zilizohusisha wanawake na wasichana zaidi ya 3,300. Kuvuja kulikuwa sawa na pedi au tamponi (kipande cha kunyonya kinachoingizwa ukeni), au pungufu. Kati ya walioulizwa, takriban 7 kwa kila 10 walitaka kuendelea nacho. Ule mshtuko wa sumu ya bakteria, uliotikisa Marekani mwaka 1980 kwa sababu ya tamponi zenye kunyonya kupita kiasi, umewahi kuripotiwa na kwa kikombe pia, ila visa vilivyopatikana katika uchambuzi huo ni 5 tu.

Kuhusu bikira, naulizwa kila wiki, na wanaouliza ni akina mama zaidi ya mabinti. Kizinda kinaweza kutanuka au kuchanika kwa kikombe, kama kinavyoweza kwa mambo mengine. Hakipimi tabia ya mtu. Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka vipimo vya bikira vikomeshwe tangu 2018, kwa kuwa havina msingi wa kitabibu. Nikishasema hayo, mama ananiambia, "Nimekuelewa nesi, ila mume wake atanielewa?" Hapo dawa yangu inaishia.

Mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango aongee na mhudumu wake kabla, maana kikombe kikivutwa vibaya kinaweza kutoka nacho. Na kabla na baada ya kila hedhi kikombe kichemshwe dakika kadhaa, maji yakitokota hasa.

Kaka Mtu

Samahani kwa kuingilia mambo ya kina mama. Sisi wanaume tunasaidiaje hapa?

Binti wa Hosteli

Karibu kaka. Kwenu kuna sufuria ngapi?

Naomba nisieleweke kama natania. Nesi kasema kichemshwe, sawa. Mwambie msichana kwenye nyumba yenye sufuria mbili aombe moja ya kuchemshia kikombe cha hedhi. Mimi cha kwangu nachemsha kwenye mkebe uliobaki wa maziwa ya unga, na wenzangu chumbani bado wananiuliza huo mkebe ni wa nini.

Mimi ni mtumiaji na sirudi nyuma. Nalala bila kuamka kukagua shuka, nakimbia uwanjani. Lakini mwanzo ulikuwa mbaya, nilivuta kile kimkia kikagoma, nikadhani kimepotea tumboni. Hakuna aliyeniambia kuwa unabana kitako chake kwanza hewa iingie ndipo kiachie. Mgawaji alitugawia na karatasi yenye mchoro, akaondoka. Halafu vyoo: bomba liko nje, milango haina komeo. Unatoka na mkono wenye damu kwenda kunawa mbele za watu? Natembea na kichupa cha maji kwenye mkoba.

Ila mwanzisha mada, nisingepewa bure nisingekijaribu maisha yangu yote. Kuchagua kitu ambacho hujawahi kukishika ni kuchagua gani?

Msomaji Kimya

Mbona chupi za hedhi hamzisemi? Unafua kama chupi yoyote, kamba haikusengenyi. Ila mwaka 2023 kampuni ya Thinx ya Marekani ilikubali kuwalipa wateja kumaliza kesi ya madai kwamba chupi zake zina PFAS, kemikali zisizooza kirahisi, bila kukiri kosa.

Nesi wa Zamu

Na 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikuta metali, ikiwemo risasi, kwenye tamponi za kutupa. Tukianza kukimbia kila kinachotia shaka hatutabaki na cha kuvaa. Kinachotakiwa ni vipimo vya ubora kwa zote, na lebo inayosema ukweli.

Mwanzisha mada

Swali la Binti wa Hosteli ni zito na nalipokea. Kuonja kwanza, sawa. Ila kuonja kuna njia ya kurudi nyuma: kama pedi ya kufua haimfai, kesho yake apate nini? Uskoti walipofanya bidhaa za hedhi kuwa bure kwa sheria, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu Agosti 2022, waliweka sharti kuwa mtu apate uchaguzi wa aina tofauti. Hilo ndilo ninalolitaka kwenye maboksi yetu. Kifurushi kimoja kiwe na pedi za kufua mbili tatu za kushonwa vizuri, pedi za kutupa za kumvusha, na kikombe kwa anayekitaka, akifundishwa na mtu anayekitumia mwenyewe. Mgawaji arudi baada ya miezi mitatu aulize kipi kimetumika na kipi kimebaki kwenye begi. Na kabla ya kupeleka boksi lolote la kufua, akague kama pale kuna maji, mlango wenye komeo na mahali pa kuanika.

Fundi Cherehani

Akikagua akakuta hakuna maji, ndiyo aondoke na pedi zake?

Mwanzisha mada

Aache za kutupa, na jina la shule aliandike kwenye ripoti yake hapo penye namba.

Mama Mapacha

Hapo nimekubali. Na hizo za kutupa zitoshe mwaka, siyo pakiti moja ya kupigia picha.