Naombeni ushauri: nimepata kibarua cha kutengeneza njia za miguu Rubondo, niende au nibaki na mama?

Kijana wa Igoma:
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nina miaka 24, nabeba mizigo soko la samaki Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Fundi mmoja niliyewahi kumchanganyia zege amenipigia: kuna kikosi kinakwenda kisiwa cha Rubondo, ndani ya Ziwa Victoria, miezi mitatu, kufyeka na kutengeneza njia za watalii msituni. Kulala ni kwenye mahema. Natamani sana kwenda.

Kinachonirudisha nyuma ni mama. Ana presha, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki na kumkumbusha dawa. Dada yuko Buhongwa, ana watoto wadogo. Nifanyeje? Na waliowahi kwenda, maisha ya kule yakoje?

Mzee wa Sururu:
Mdogo wangu, nilikaa kule msimu mmoja. Kufyeka ndiyo sehemu nyepesi. Adui wa njia ni maji ya mvua. Unaichonga ilalie kidogo upande wa bondeni ili maji yavuke yaende zake. Ukiiacha imebonyea katikati, mvua chache tu inageuka mfereji. Kwenye mteremko mnapanga ngazi za mawe. Nyapara wetu alikuwa anakanyaga jiwe kwa kisigino kimoja na kujizungusha. Likicheza, ng'oa, chimba upya, hata kama limekula asubuhi yako nzima na viganja vimejaa malengelenge. Wiki ya kwanza nilimchukia. Mwezi wa pili nikawa nayakanyaga mwenyewe kabla hajafika.

Mbung'o wapo. Usivae bluu wala nyeusi, hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Vaa kaki nzito, mikono mirefu. Ukishikwa na homa, mwambie daktari umetoka kwenye mbung'o, akupime na malale pia. Usioge ziwani, kuna kichocho na mamba. Usiku viboko hupanda nchi kavu kula majani, kwa hiyo ufukweni usiende. Tupa ya kunolea panga nunua yako.

Sokwe wa pale, wazee wao waliletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969 wakaachiwa msituni. Utawasikia kabla hujawaona, na siku hiyo hutaisahau.

Bibi Harusi wa Zamani:
Mwanangu, mimi pia nameza dawa za presha. Umetuuliza sisi, yeye umemuuliza? Mkalishe umweleze. Mzazi akigundua kijana wake ameacha riziki kwa ajili yake, hilo nalo linapandisha presha. Dada hana haja ya kuja kila siku, apige simu saa ya dawa tu.

Mtu wa Nkome:
Mkataba wa maandishi kabla ya kupanda boti. Uliza malipo ni kila mwezi au mwisho wa kazi, na ukiumia nani anakutibu. Mimi kwingine niliahidiwa kwa mdomo, nikarudi na nauli tupu. Dharura ikitokea, ukishavuka ziwa magari ya Geita yapo, na daraja la Kigongo–Busisi, njiani kuja Mwanza, limefunguliwa tangu 2025, hakuna tena kusubiri kivuko.

Kijana wa Igoma:
Wabeja sana. Nimemsomea mama majibu yote. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaingia ndani akatoka na shati la kaki la marehemu baba, akaanza kukaza vifungo. Mkataba nausaini Ijumaa. Kesho nampeleka dada akaone dawa zilivyo.